Komeo la Fundi Vitasa

Umewahi kuona fundi wa vitasa anashindwa kufungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, na mtoto wake yuko ndani, na moshi unatoka chini ya mlango?

Kaa hapo nikupe.

Mimi sikuwepo. Nimesimuliwa na binti yangu, mwaka huu huu, wiki aliyokuja kunisalimia kutoka huko ugenini anakoishi na mumewe. Jioni moja niliinuka nikasukuma komeo la mlango. Akaniambia, "Mama, acha tu. Ufunguo unatosha."

Nikamuuliza, "Komeo limekukosea nini, mwanangu?"

Akacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri.

Ndipo akanisimulia. Nami nawapa kama nilivyopewa.

Mumewe, yaani mkwe wangu, ni fundi vitasa. Wote wanamwita Fundi, hata mkewe. Ukifungiwa nje, ufunguo ukikatikia tunduni, unampigia. Anafika na mkoba wake, anapiga mluzi, hujamaliza kulalamika mlango umeshaachia.

Wana binti mmoja, yuko darasa la kwanza. Kwa kuongea huyo, Mungu wangu! Akiamka ameanza, akilala bado anamalizia. Ndiyo maana wanamwita Chiriku.

Binti yangu mwenyewe anafua na kupiga pasi mashuka ya hospitali.

Maisha yalikuwa yanakwenda. Ila katika jengo lile lote la ghorofa, watu weusi ni wao tu.

Sasa mwaka jana, Fundi alikuwa anabadilisha kitasa cha mlango wao. Amepiga magoti kwenye korido, drili mkononi, mluzi mdomoni. Mlango wa pili kulikuwa kumehamia mama mmoja mwenye paka. Akachungulia.

Akaona mtu mweusi anatoboa mlango.

Hakuuliza. Akapiga simu.

Polisi walikuja wanakimbia.

"Lala chini! Mikono ionekane!"

"Jamani, hapa ni kwang..."

Neno halikuisha. Alilazwa kifudifudi, goti mgongoni, shavu kwenye sakafu ya baridi. Chiriku amesimama mlangoni na kijiko chake mkononi, anamtazama baba yake.

Wakakagua, wakauliza, wakagundua kwamba kweli ni kwake. Wakamwinua. Mmoja akampangusa vumbi begani kama rafiki.

"Samahani, bwana. Tulipigiwa simu. Yameisha, eti?"

Yameisha. Kwao yaliisha.

Kwa Fundi ndiyo yakaanza.

Mluzi ulikufa siku hiyo. Baridi ikate namna gani, mikono haiingizi mfukoni. Dukani anatembea vidole vimekunjuliwa, watu wavione. Na kazini akaweka sheria yake: hatoboi mlango mpaka mwenye nyumba asimame bega kwa bega naye, aonekane. Wateja wanacheka. "Fundi, unaogopa mlango utakung'ata?" Naye anacheka nao, huku jasho linamtiririka mgongoni.

Nyumbani akafunga komeo la chuma. Zito, la kiwandani. Hata awe nje kwa kutupa taka tu, Chiriku alitakiwa alisukume. Akirudi anagonga, mtoto anamfungulia.

Binti yangu akamwambia, "Mume wangu, kazungumze na daktari. Wapo wanaotibu mambo haya ya hofu."

Akamgeukia. "Daktari? Mimi ndiye mgonjwa? Wale waliokuja kumkaba mtu kwake, wao wameenda kwa daktari?"

Binti yangu akaendelea kukunja nguo.

Basi sasa ndiyo ikafika siku yenyewe.

Binti yangu alitoka kazini mchana, mapema kuliko kawaida, mashine moja ilikuwa imeharibika. Akapanda ngazi. Alipofika ghorofa yao, kitu kikamgonga puani. Harufu ya chakula kinachoungua.

Akaingia kwenye korido.

Akamwona mumewe.

Mkoba uko wazi chini, drili imelala pembeni. Na Fundi amesimama ameukabili ukuta. Mikono juu, viganja vimebandikwa ukutani, vidole vimetanuka, miguu ameitanua.

Kama mtu anayepekuliwa.

Na nyuma yake hakuna mtu. Hakuna hata nzi.

"Fundi! Fundi, kuna nini?"

"Chiriku yuko ndani." Sauti ilitoka kama ya mtu aliye chini ya blanketi. "Nilishuka kutupa taka. Nimerudi, komeo limefungwa. Hafungui. Hajibu."

"Hajibu vipi? Chiriku huyu huyu?"

"Hajibu, mama Chiriku."

Binti yangu aliurukia mlango akaupiga kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu! Ni mama! Fungua!"

Kimya.

Mtoto asiyenyamaza hata na tonge mdomoni, kimya.

Akainama. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatambaa kutoka chini ya mlango.

"Umeacha nini jikoni?"

"Viazi."

"Sasa unangoja nini? Toboa!"

"Nimejaribu." Bado ameuangalia ukuta. "Nikiishika drili, mikono inapanda yenyewe. Nakuapia, inapanda yenyewe. Nimesubiri mtu yeyote apite asimame karibu nami. Hakuna anayepita."

Binti yangu anasema, Mama, hapo nilitaka kumpiga kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikuwa na muda wa kufanya lolote.

Akaiokota drili yeye. Akaibana kwenye mlango, akafyatua. Ncha ikateleza juu ya chuma, ikalia vibaya, ikaacha mkwaruzo tu. Akajaribu tena. Ncha ikakatika, kipande kikaruka kikampita karibu na jicho.

"Siyo hapo," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Hapo ni chuma kigumu. Ni chini kidogo, pembeni ya bamba, uende kwa mshazari."

"Mimi mshazari naujulia wapi? Njoo!"

"Nipige simu?" binti yangu akajiuliza mwenyewe kwa sauti, akatoa simu.

"Usipige!" Kwa mara ya kwanza Fundi akageuza shingo. Macho mekundu. "Wakija watanikuta na drili mlangoni. Wataanza na mimi. Wakimaliza na mimi, mtoto atakuwa..."



Mlango wa pili ukafunguka kidogo. Mnyororo bado umefungwa. Jicho moja, na chini yake sharubu za paka.

"Kuna nini huko? Mnafanya nini?"

"Tunafungua mlango wetu, mama. Mtoto yuko ndani."

"Wenu? Mna uhakika?"

Weee! Binti yangu anasema hasira ilimpanda mpaka ikapita kichwani, ikabaki baridi tu.

"Mama," akamwambia taratibu, "leo asubuhi ulinishikisha huyo paka wako ukitafuta funguo kwenye mkoba. Ulisema ananipenda. Nitazame usoni."

Yule mama akamtazama. Akapepesa macho kama mtu aliyemulikwa tochi.

"Oh. Ni wewe."

"Ni mimi. Hiyo simu mkononi unampigia nani?"

"Sijapiga bado."

"Piga zimamoto. Waambie mtoto, waambie moshi. Usiongeze neno lako hata moja."

Mlango ukafungwa. Kama alipiga, kama alipiga na kuongeza lake, nani ajue?

Binti yangu hakungoja kujua. Alimwendea mumewe pale ukutani, akamshika viganja, akavibandua, kimoja kimoja, kama unavyobandua plasta kwenye kidonda. Akamgeuza. Akamsukuma mpaka mlangoni. Akamwekea drili mkononi, na ncha mpya.

Halafu akamkumbatia kwa nyuma. Kifua chake kwenye mgongo wa mumewe, mikono kiunoni.

"Mgongo nimeuziba," akamwambia sikioni. "Mtu yeyote akija atanikuta mimi kwanza. Toboa."

"Wataku..."

"Wanifanye wanavyotaka. Toboa, baba Chiriku."

Binti yangu anasema aliusikia moyo wa mumewe kupitia mgongoni, unakimbia kama mtu anayeshuka ngazi.

Drili ikalia.

Chini kidogo. Pembeni ya bamba. Kwa mshazari.

Unga wa chuma ukamwagika kwenye viatu vyao. Mara moja akasita, mkono wa kushoto ukaanza kupanda. Mkewe akaubana. "Bado. Endelea." Akaendelea.

Kitu kikafyatuka ndani. Fundi akaingiza bisibisi, akazungusha, akasukuma kwa bega.

Mlango ukaachia.

Moshi uliwapokea usoni. Binti yangu alikimbilia jikoni, akazima jiko, akaitupa sufuria kwenye sinki, akafungua dirisha. Viazi vimekuwa makaa. Lakini moto haukuwepo, ni moshi tu.

Akarudi sebuleni mbio.

Chiriku alikuwa chini.

Amelala kifudifudi katikati ya zulia. Shavu moja chini. Mikono ameitanua huku na huku, viganja wazi. Hatikisiki.

Binti yangu alipiga yowe ambalo, anasema, mpaka leo hajui lilitokea wapi. Alijitupa chini, akamgeuza uso.

Macho yalikuwa wazi. Yanapepesa.

"Chiriku! Mwanangu! Unaumwa wapi?"

Mtoto hakumjibu. Alizungusha macho mpaka akampata baba yake pale mlangoni. Akanong'ona:

"Baba, mikono inaonekana?"

Binti yangu akadhani moshi umemwingia kichwani. "Anaweweseka! Fundi, mtoto anaweweseka, njoo umshike!"

Fundi hakuja. Alikuwa ameshika fremu ya mlango. Uso wake, anasema, ulikuwa uso wa mtu aliyeona kaburi lina jina lake.

"Haweweseki," akasema.

"Unajuaje?"

"Nimemfundisha mimi."

Jamani.

Kumbe siku ambazo mama yuko zamu, baba na mtoto walikuwa na mazoezi yao. Ukisikia buti koridoni, ukisikia watu wanagonga kwa nguvu, usikimbie. Usishike kitu mkononi, hata kijiko. Lala kifudifudi. Mikono ionekane. Usiseme neno. Hata mama akikuita, usiinuke.

Mpaka baba aseme imekwisha.

Na alikuwa anampa maksi. Akilala haraka, kumi. Akicheka, tano.

Siku ile, Fundi alipokuwa chini kwenye mapipa ya taka, wasoma mita walikuwa wamepita wanagonga mlango hadi mlango. Wanaume wawili, sare nyeusi, buti. "Fungueni!" Wakagonga kwa Chiriku, wakaona kimya, wakaenda zao.

Mtoto akafanya alichofundishwa. Akalala. Baba akarudi akagonga, hakusema lile neno. Akaita, akasihi, akalia, hakulisema. Mama naye akaja. Drili ikalia mlangoni pale pale. Moshi ukaingia, macho yakawasha, koo likawasha.

Chiriku amelala tu. Anatafuta kumi yake.

"Inuka, mama," binti yangu akamwambia. "Inuka sasa."

Mtoto akamtazama baba.

"Mwambie!" Binti yangu akamgeukia mumewe. "Sema hilo neno lako ainuke!"

Fundi akafungua mdomo.

Halikutoka.

"Sema, Fundi!"

"Siwezi." Machozi yanamwagika. "Nikimwambia imekwisha nitakuwa namdanganya. Haijaisha. Mimi mwenyewe haijaniishia."

"Umemfundisha mwanangu kufa kimya kimya!"

"Nimemfundisha kubaki hai!"

Wakatazamana. Na katikati yao mtoto wa darasa la kwanza, shavu kwenye zulia, anangoja ruhusa.

Fundi akaketi chini. Kisha akalala. Alilala pale pale kwenye zulia, shavu chini, ameelekeana na mwanawe, pua kwa pua.

"Chiriku."

Mtoto akapepesa.

"Kwa leo imekwisha, mwanangu. Kwa leo tu ndiyo naweza kukuambia. Kwa leo imekwisha."

Weee, ungemwona! Aliruka kama springi. "Baba nilikohoa ila kidogo tu, halafu pua iliniwasha sikuikuna, halafu mama alikuwa analia nikataka kucheka lakini sikucheka, halafu viazi vinanuka vibaya, sivili!" Maneno yanamwagika kama bomba lililopasuka. Mama yake amemkumbatia, analia na kucheka pamoja.

Hapo ndipo buti zikasikika.

Nyingi. Zinapanda ngazi kwa kishindo. Zimamoto. Kumbe mama wa paka alipiga kweli.

Chiriku akanyamaza katikati ya neno. Akajichomoa mikononi mwa mama yake. Akalala chini kifudifudi, viganja wazi.

Na binti yangu akainua macho, akamwona Fundi yuko ukutani. Viganja vimebandikwa, vidole vimetanuka.

Baba kule. Mtoto huku. Kama kitu na kivuli chake.

Anasema hasira yote iliyokuwa imembaki iliyeyuka palepale. "Mama, kumbe ule ugonjwa haukuwa wa mmoja. Wale watu walimlaza mume wangu, tukainuka naye, lakini nyumba nzima ilibaki chini."

Fundi naye aligeuza kichwa. Akamwona mtoto.

Halafu viganja vikatoka ukutani. Safari hii hakuna aliyevibandua. Akavuka sebule, akasimama kati ya mwanawe na mlango, wakati mtu wa kwanza mwenye kofia ngumu anakanyaga kizingiti.

"Simameni hapo!" akasema. Kwa sauti kubwa. Kwa mtu mwenye sare. "Moto hakuna, ni sufuria. Mwanangu anaogopa buti. Mmoja tu aingie, na aingie taratibu."

Binti yangu alifumba macho, akisubiri.

Yule mkubwa wao akaangalia tundu la mlango. Akaangalia drili. Akaangalia mtoto pale chini na mikono yake.

Akavua kofia. Akavua na buti, akaziacha nje. Akaingia na soksi, moja imetoboka kidole gumba.

Chiriku aliona kile kidole. Bado amelala, akasema chini chini, "Soksi yako imekufa."

"Ilikufa zamani," yule bwana akajibu. "Hakuna wa kuizika."

Mtoto akacheka. Ikawa ndiyo namna ya kumwinua. Wakampima pumzi, wakamtazama koo, wakasema ni mzima.

Walipoondoka, mama wa paka alikuwa amesimama mlangoni kwake, mnyororo ameutoa. "Nilipiga kama ulivyosema," akamwambia binti yangu.

"Asante, mama."

"Ile siku nyingine pia, nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Leo sina nguvu ya kukisikia."

Binti yangu akafunga mlango wake, au tuseme kilichobaki cha mlango.

Jua lilikuwa linapungua dirishani. Walikula mkate mkavu, hakuna aliyekuwa na hamu ya jiko. Mkate ukaisha. Ndipo Fundi akasema, bila kumwangalia mkewe, "Huyo daktari uliyemsema. Anapokea na watoto?"

"Anapokea."

"Tutakwenda wawili."

Sasa niseme langu. Wapo mtakaosema mkwe wangu alikosea. Alikosea, ndiyo. Lakini hebu niambie, wewe uliyelazwa sakafuni mbele ya mwanao kwa sababu ya rangi, ungemfundisha nini huyo mtoto? Mimi nimeliwaza kila siku tangu niambiwe. Sijapata jibu.

Ninachojua ni hiki. Anayekudhalilisha kwa rangi yako anaondoka baada ya dakika chache, na alichokiacha kinahamia kwako. Kinakaa mezani nanyi, kinalala kitandani nanyi, kinamfundisha mtoto mlipokwenda kazini. Kwa hiyo ukimwona mtu wako amenyamaza baada ya jambo kama hilo, usimwambie ajikaze, usimwambie yameisha. Mwambie umemziba mgongo. Kisha mshike mkono mwende kwa wanaojua kutibu. Na wewe mwenye kidole chepesi kwenye simu, uliza kwanza. Kuuliza hakujawahi kumlaza mtu chini.

Usiku wa siku ile walitandika magodoro sebuleni wote watatu, maana chumbani moshi ulikuwa bado unanuka.

Chiriku akauliza, "Baba, leo nimepata ngapi?"

Fundi akamfunika shuka. "Leo hakuna maksi."

"Kesho je?"

"Na kesho. Ule mchezo tumeuacha."

"Tutacheza upi?"

"Utachagua wewe."

Chiriku akaanza kuwatajia michezo, mmoja baada ya mwingine, na sheria zake, na nani awe nani. Akalala katikati ya sheria.

Fundi alibaki ameshika kisigino cha mwanawe, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayetaka kupiga mluzi akasahau namna. Binti yangu alimwangalia mpaka kope zikamshuka, mpaka mkono ukalegea.

Yeye alikaa akisikiliza korido. Mtu alipita, akashuka ngazi. Lifti ikafunguka, ikajifunga. Akagundua bado amevaa viatu vya kazini, vina unga wa chuma. Akavivua, akavisukuma pembeni kwa mguu, akajinyoosha kando yao.

Naye usingizi ukamchukua.